Kwa Nini Kijazo cha Jino Hung'oka Mapema

Kijazo kinapong'oka miezi michache baada ya jino kuzibwa, mgonjwa huilaumu dawa iliyotumika. Mara nyingi kasoro huwa katika uso wa jino, ambao haukuandaliwa ipasavyo.

Mwaka 1955, daktari wa meno Michael Buonocore wa Marekani alionyesha kuwa asidi ya fosforiki ikipakwa kwenye enameli, yaani tabaka gumu la nje la jino, huukwaruza uso wake, na utomvu wa kuzibia hupata pa kushika. Saruji ya glasi ionoma hushika kwa namna nyingine: huungana kikemia na kalsiamu ya jino. Saruji hiyo hutumika katika tiba ya vifaa vya mkono, isiyohitaji umeme, iliyoanzia Tanzania katikati ya miaka ya 1980.

Katika tiba hiyo, uozo laini hukwanguliwa kwanza. Tundu hupakwa asidi hafifu ya poliakriliki kwa sekunde 10 hadi 15, husafishwa kwa pamba yenye maji, kisha hukaushwa kwa pamba kavu bila kupitiliza. Mate au damu vikiugusa uso huo, hatua hizo hurudiwa.

Kwa mkazi wa Buzuruga, jijini Mwanza, kijazo kilichong'oka ni nauli na gharama mpya, na pengine jino kung'olewa. Hivyo mgonjwa asifumbe kinywa wala kutema mate kabla ya kuruhusiwa, na asile kwa muda wa saa moja baada ya tiba.