Maksai, Kipandikizi na Msuli: Kueleza Homoni za Ng'ombe wa Nyama kwa Kiswahili

Ni rahisi kuziita homoni wanazotiwa ng'ombe wa nyama "dawa ya kunenepesha". Jina hilo lina makosa mawili. Kwanza, homoni hizi haziponyi maradhi yoyote. Pili, na hili ndilo zito, kunenepa ni kujaa mafuta, ilhali kazi ya homoni hizi ni kujenga msuli. Mfugaji wa Molo anayeelezwa kwamba mnyama wake atanenepa huenda akatarajia mnyama aliyenona, kumbe atapata mwenye mnofu mwingi na pengine mafuta machache zaidi kati ya nyuzi za nyama. Makala haya yanadhamiria kueleza jambo lenyewe kwa istilahi zinazoeleweka.

Mahali pa kuanzia ni neno ambalo Kiswahili kinalo tangu zamani: maksai. Fahali akihasiwa, huondolewa korodani, ambazo ndizo chanzo kikuu cha testosteroni mwilini mwake. Huwa mpole na rahisi kuchungwa, lakini hujenga msuli polepole kuliko fahali na kuwahi kuweka mafuta. Kwa hivyo, homoni anazotiwa maksai hurudisha sehemu ya kile kilichoondolewa kwa kisu. Anayezielewa tofauti za fahali na maksai ameshaelewa nusu ya somo hili.

Homoni hizo hutiwa kwa kipandikizi. Neno hili limetoka shambani, ambako miche hupandikizwa, likaingia kliniki, ambako vipandikizi vya kupanga uzazi huwekwa chini ya ngozi ya mkono wa mwanamke. Kwa ng'ombe, vidonge vidogo huchomekwa chini ya ngozi ya upande wa nyuma wa sikio, nacho kiungo hicho hutupwa mnyama anapochinjwa. Vidonge huyeyuka kidogo kidogo kwa wiki au miezi kadhaa. Ndani yake huwa mna homoni kama vile estradioli, testosteroni au projesteroni, ambazo mwili wa ng'ombe huzitengeneza wenyewe, ama trenboloni na zeranoli, ambazo hutengenezwa na binadamu.

Je, msuli hukuaje? (Msuli hapa si lile vazi la wanaume wa Pwani!) Idadi ya nyuzi za msuli wa ndama huwa imekwisha kuamuliwa karibu na wakati wa kuzaliwa, baadaye nyuzi hizo hupanuka na kurefuka tu. Uzi mmoja una viini vingi, na kila kiini huweza kuhudumia sehemu yake pekee. Uzi ukitaka kupanuka zaidi, huhitaji viini vipya. Hivi hutolewa na seli ndogo zilizolala ubavuni mwa uzi, ziitwazo seli setilaiti. Estradioli huongeza homoni ya ukuaji pamoja na kijenzi kinachofanana na insulini, ambacho hutolewa na ini na msuli wenyewe. Kijenzi hiki huziamsha seli setilaiti. Nazo hugawanyika, huungana na uzi na kuuachia viini vyake. Trenboloni, kwa upande wake, hupunguza kasi ya kuvunjwavunjwa kwa protini. Yaani, ujenzi huharakishwa huku ubomoaji ukicheleweshwa. Ndiyo maana homoni hizi mbili aghalabu hutiwa pamoja. Ongezeko la uzito kwa siku hupanda kwa takriban asilimia 10 hadi 20.

Hata hivyo, homoni si chakula. Protini inayojenga msuli sharti itoke kwenye lishe, na maksai anayekosa malisho hanufaiki sana. Hapa ndipo Bonde la Ufa lina historia yake: huko Lanet, karibu na mji wa Nakuru, utafiti wa kuwalisha zizini ng'ombe waliotoka nyanda kame ulifanywa miaka ya 1960 na 1970, mahindi yakiwa sehemu ya lishe. Molo yenyewe hujulikana zaidi kwa viazi, pareto, kondoo na maziwa. Ndama dume wa Friesian mara nyingi huonekana kuwa mzigo.

Kuna pia suala la mlaji. Marekani iliruhusu vipandikizi hivi. Jumuiya ya Ulaya ikavikataza, na mwaka wa 1989 ikaanza kuzuia nyama ya ng'ombe waliotiwa homoni. Mwaka wa 1998 Shirika la Biashara Duniani liliamua kwamba katazo hilo halikuegemezwa kwenye tathmini ya hatari ipasavyo, lakini Ulaya haikuliondoa. Kumbukumbu ya dietilstilbestroli ilichangia hofu hiyo: homoni hiyo sanisi, iliyohusishwa na saratani kwa mabinti wa wanawake walioitumia wakiwa wajawazito, ilipigwa marufuku kwa mifugo nchini Marekani mwaka wa 1979.

Limebaki neno "kichocheo", ambalo baadhi ya waandishi hulipendelea badala ya "homoni" kwa kuwa lina asili ya Kibantu. Tatizo ni kwamba neno hilo hilo hutumika katika kemia kwa kitu kinachoharakisha mmenyuko, na katika saikolojia kwa kinachosababisha mwitiko. Sentensi "kichocheo hulichochea ini litoe kichocheo" ni sahihi kisarufi, ila haimwelezi mfugaji lolote. "Homoni" limekwisha kupata ngeli yake, I-ZI, na halina kazi nyingine.