Rangi ya kwenye video iwe ile ile ya mkononi

Wauzaji wenzangu, mimi nauza vitenge mtandaoni nikiwa hapa Mpitimbi. Mzigo ukirudishwa kwa sababu "rangi siyo ile", nauli inakula faida yote.

Nikirekodi ndani mchana nazima taa kabisa, nasogea dirishani. Balbu ya njano ni kama Kelvin 2700, mwanga wa mchana ni 5500 hivi. Vikichanganyika, simu haijui ifuate upi, na kitenge cheupe kinatoka kama kimemwagiwa chai. Usiku natumia balbu nyeupe za aina moja tu.

Simu yako ina Pro? Pale kwenye WB toa Auto, sogeza namba mpaka karatasi nyeupe ionekane nyeupe, ndiyo urekodi. Na ukuta wa kijani jamani, unapaka nguo rangi! Tundika shuka jeupe.