SOMO LA AFYA: Kisukari na moyo uliopata mshtuko



Mtu akipata mshtuko wa moyo, akatibiwa Lilongwe kisha akarudi Dzaleka, jamaa husema: "Amepona." Lakini moyo wake bado una kidonda. Sehemu iliyokosa damu hufa, na mwili huiziba kwa kovu. Kazi hiyo huchukua wiki 6 hadi 8. Mwenye kisukari lazima ajihadhari zaidi.

Kwa nini sukari huzuia kupona?

Sukari ikizidi kwenye damu huharibu mishipa, hata ile midogo inayolisha moyo. Damu huganda upesi. Moyo huchoka, miguu huvimba, pumzi hukatika. Mshtuko wenyewe pia hupandisha sukari. Kwa hiyo hata kama hukujua una kisukari, omba upimwe.

Mshtuko bila maumivu

Kisukari cha muda mrefu huharibu mishipa ya fahamu. Mshtuko wa pili unaweza kuja bila kifua kuuma. Dalili zake: kukosa pumzi, jasho la baridi, kichefuchefu, uchovu wa ghafla. Usingoje maumivu. Mwite jirani, upelekwe kituo cha afya mara moja. Usitembee peke yako.

Sukari ikishuka

Sukari kushuka sana nako ni hatari kwa moyo dhaifu. Dalili ni kutetemeka, njaa, jasho na kuchanganyikiwa. Dawa nyingine za moyo huficha kutetemeka, jasho hubaki. Kunywa maji yenye vijiko vya chai 3 au 4 vya sukari. Baada ya dakika 15, kama hujapata nafuu, rudia. Kisha kula chakula. Aliyezimia asinyweshwe kitu. Apelekwe kituo cha afya.

Mambo ya kufanya

1. Meza dawa za moyo na za kisukari kila siku, hata ukijisikia mzima. Rudi kuchukua nyingine kabla hazijaisha. Usigawane na jirani.
2. Gawa sahani yako: nusu mboga za majani, robo maharage au samaki, robo ugali. Punguza chumvi na mafuta. Chai unywe bila sukari.
3. Tembea kidogo kidogo, ukiongeza kila siku kama mganga alivyokuelekeza. Kifua kikibana, pumzika.
4. Acha sigara kabisa.
5. Kama huna friji, tia insulini katika mfuko usioingiza maji, uiweke ndani ya chungu chenye mchanga uliolowa, kivulini.
6. Ukisafiri kwenda Mponela au Lilongwe, beba dawa zako na sukari kidogo mfukoni.

Maswali ya kujipima

– Je, mshtuko wa moyo lazima uume?
– Ukitokwa na jasho ghafla, utafanya nini?
– Dawa zako zimebaki za siku ngapi?

Ndugu msomaji, msomee somo hili jirani asiyejua kusoma.