Mabua ya Mpunga na Watumishi Wasioonekana

Mavuno ya mpunga yakiisha kupelekwa ghalani, shambani hubaki mabua na majani makavu. Wengi huyaona kuwa takataka tu, huyatia moto, na kwa siku moja shamba huwa jeusi. Katika somo hili twataka kutazama kipoteacho katika moto ule, na njia nyingine iliyo njema zaidi.

1. Kipoteacho motoni

Mpunga hutwaa chakula chake udongoni, na sehemu kubwa ya chakula hicho hubaki katika mabua. Yakichomwa, naitrojeni, ambayo ndiyo ikuzayo majani, hupotea karibu yote pamoja na moshi. Fosforasi hupotea kama robo yake, na potasiamu kama sehemu moja katika tano. Basi mwenye kuchoma mabua amechoma mbolea yake mwenyewe, kisha huenda dukani kununua nyingine.

Tena moshi haukai kwa yule aliyeuwasha. Huko India, katika majimbo ya Punjab na Haryana, mpunga huvunwa mwezi wa Oktoba na Novemba, na ngano yapasa kupandwa upesi. Nafasi iliyo katikati ni kama majuma 3 tu. Kwa hiyo wengi huchoma, na moshi wao huchanganyika na ule wa magari na viwanda hata mji wa Delhi, watoto na wazee wakapata taabu ya kupumua. Tusiwahukumu kuwa ni wavivu, maana siku zimewabana.

2. Watumishi wenyewe

Katika konzi moja ya udongo wamo bakteria na kuvu wasiohesabika. Kuvu ni jamaa ya uyoga, na ya ukungu uotao juu ya mkate. Hutoa vimeng'enya viyeyushavyo mabua, wakayala, na chakula kilichokuwamo hurudi udongoni.

Wataalamu wa Taasisi ya Utafiti wa Kilimo ya India, iliyoko Pusa mjini Delhi, waliwachagua kuvu wenye bidii, wakawatia katika vidonge. Vidonge 4 huchanganywa na maji, sukari guru na unga wa dengu, kuvu wapate kula na kuongezeka. Hupatikana lita 25, nazo hutosha hekta 1. Mwaka 2020 serikali ya Delhi ilianza kuwanyunyizia wakulima wake dawa hiyo bila malipo. Mabua hutazamiwa kulainika kwa siku 20 hadi 25; lakini wako wakulima walioona wakati wa ngano umefika na mabua yangali magumu. Yaani watumishi hawa hawafuati haraka yetu. Wataka unyevu, joto, hewa, na siku zao.

3. Yatupasayo sisi

Katika mabonde ya Kilombero na Usangu mavuno hufuatwa na kiangazi. Hapo siku tunazo nyingi kuliko wenzetu wa Punjab, ila unyevu ni haba. Basi tusingoje udongo ukauke. Kwanza, tuyakate mabua mafupi, tuyatawanye, tuyachanganye na udongo ungali na unyevu. Pili, tutie samadi. Maana mabua yana kaboni nyingi na naitrojeni kidogo, na kuvu huikopa naitrojeni ya udongo hata wamalize kazi. Ukipanda mapema mno, mpunga huwa manjano kwa njaa. Ngoja majuma 3 au zaidi. Tatu, usiyafunike kwa maji mara moja. Pasipo hewa, vijidudu wa namna nyingine hutoa gesi ya methani, izidishayo joto la dunia.

Hata asiye na vidonge asikate tamaa, kwa kuwa kuvu na bakteria wamo tayari katika shamba lake, na katika samadi ya ng'ombe wake.

Mwanzo 2:15 hutuonyesha ya kuwa mtu alipewa kazi mbili, si moja: kulima, na kutunza. Kulima twajua sana. Ya pili twaisahau mara tu gunia la mwisho litokapo shambani. Na atakayelirithi shamba hilo ni mtoto wetu.

Maswali ya mazungumzo

1. Ni nani aliye jirani yetu, moshi wa shamba letu ukimfikia?
2. Kwa nini yafaa kungoja kabla ya kupanda tena?
3. Ni shamba gani katika usharika wetu tunaloweza kulijaribu mwaka huu, nusu bila moto, tukaona tofauti?