Kabla ya Kununua Antena Mpya, Tazama Mkao Wake

Katika milima ya Umatengo wilayani Mbinga, na katika mwambao wa Ziwa Nyasa kuanzia Lituhi hadi Mbamba Bay, vilima na mabonde hukinga mawimbi ya redio na televisheni. Mahali mawimbi yanapofika yakiwa hafifu, kila sehemu ya nguvu yake ina thamani. Hata hivyo, sehemu kubwa huweza kupotea juu ya paa lako mwenyewe kwa sababu ya mkao wa antena.

Mkao ni nini?

Wimbi la redio husafiri likitikisika. Likitikisika juu na chini, mkao wake ni wima. Likitikisika kulia na kushoto, ni mlalo. Mafundi huuita mkao huo polaraizesheni. Vijiti vya antena hunasa nguvu inayotikisika sambamba navyo. Vikipishana na wimbi kwa nyuzi 30, hubaki robo tatu ya nguvu; kwa nyuzi 45, nusu; kwa nyuzi 60, robo. Kwa nyuzi 90, yaani vijiti vimesimama ilhali wimbi limelala, huweza kubaki sehemu moja tu ya mia. Televisheni ya dijitali haikuonyi mapema: picha huwa safi, kisha hukatika vipande na kutoweka.

Ufanye nini?

1. Muulize mtoa huduma mnara uko upande gani, na kama mawimbi yake ni ya wima au ya mlalo.
2. Elekeza antena kwenye mnara, kisha zungusha vijiti taratibu, mwenzako akisoma kipimo cha mawimbi kwenye king'amuzi.
3. Kaza skrubu, kwani upepo wa ziwani huweza kuigeuza antena.
4. Kwa wenye ungo, kichwa chake nacho huhitaji kuzungushwa kwa kipimo.
5. Ukiwa ndani ya boti na redio ya mkononi ya VHF, ishike wima. Ukiilaza, wito wako wa msaada huenda usisikike.

Usipande paani wakati wa mvua au radi, wala karibu na nyaya za umeme.

Fundi akikushauri ununue antena au king'amuzi kipya, mwombe kwanza azungushe iliyopo na akuonyeshe kipimo. Hatua hiyo haihitaji kifaa kipya.