Mlima Usikuibie Marathoni

Mdogo wangu, sogea hapa tuzungumze. Umeshajiandikisha marathoni ya Kilimanjaro, ile ya Moshi mwishoni mwa Februari, na mazoezi uliyaanza vizuri, alfajiri barabarani kabla daladala hazijachangamka. Kisha wenzako wakarusha picha kutoka Lushoto, wamejaa matope mpaka magotini na meno yote nje, moyo ukakuruka. Sasa unataka na mbio za milimani. Sikulaumu hata kidogo. Lami peke yake inachosha roho, na wakimbiaji wengi hufika mahali wakatamani kukanyaga udongo.

Ila njia mbili zilimshinda fisi kwa sababu alizitaka zote kwa wakati mmoja. Wewe chagua iliyo kubwa. Kama ni marathoni, basi mlima uje kama mgeni anayeshika ufagio akasaidia kazi, asiwe mgeni wa kuandaliwa karamu kila Jumamosi.

Na kusaidia, utasaidia kweli. Pale Moshi kuna kupandisha kuelekea Mweka wakati miguu imeshachoka, halafu mteremko wa kurudi mjini. Aliyezoea tambarare za Dar hukiona cha moto. Kwa hiyo kila baada ya wiki moja au mbili tafuta njia za udongo, ziwe za Irente au za kupanda Morningside kule Uluguru, uvipe vifundo vya miguu na nyonga nguvu ambayo lami haitoi.

Kinachowaponza wengi ni kushuka. Ukipanda unahema, unajua umechoka, unapunguza. Kushuka kutamu, unajiachia, kumbe kila hatua misuli ya mbele ya paja inavutwa huku inakaza kuuzuia mwili usiporomoke, na nyuzi zake zinachanika kidogo kidogo. Siku hiyo husikii kitu. Maumivu huja kesho yake, na kesho kutwa ndiyo unashuka ngazi kinyumenyume umeshika ukuta. Halafu ratiba inasema kilomita 30, nawe unaenda tu kwa kuwa imeandikwa! Jeraha huingilia hapo, mdogo wangu. Ukishuka mlima Jumapili, mazoezi ya kasi usiyaguse mpaka Alhamisi. Uzuri ni kwamba misuli hujifunza. Mteremko wa kwanza utakuadhibu, wa tatu utakuadhibu kidogo, mradi ulianza na mifupi.

Na hiyo saa ya mkononi, acha kuichungulia. Barabarani umezoea dakika 6 kwa kilomita, mlimani utaona 10, hata 12, uone aibu, uanze kulazimisha. Huko hesabu muda uliokaa miguuni, kilomita ziache. Penye mwinuko mkali tembea, viganja juu ya mapaja. Hata mabingwa wa milimani hutembea. Kwa aibu ya kutembea hakuna aliyevunjika mguu.

Najua nikisema usikimbie na jeraha, baadhi yenu mtanijibu kwa jina la John Stephen Akhwari. Ndiyo, mwaka 1968 kule Mexico City, kwenye marathoni ya Olimpiki, alianguka, goti likaumia, akafika mwisho giza limeshaingia, bandeji mguuni. Mzee wetu yule namheshimu mpaka machozi yananilenga. Lakini yeye aliumia siku yenyewe, amevaa jezi ya nchi. Wewe unachechemea Jumanne ya Januari, mbio bado wiki sita, hakuna taifa linalokungoja, na bado unang'ang'ania. Uchovu wa misuli ya miguu yote miwili, unaopungua mwili ukipata moto, huo uvumilie. Maumivu ya mahali pamoja, unapoweza kupagusa kwa kidole, yanayozidi kadiri unavyokimbia, hayo simama, umwone daktari. Mficha maradhi unajua kinachomuumbua.

Nanyi wasichana, hedhi ikikatika kwa ajili ya mazoezi msishangilie kwamba mmepata nafuu. Mara nyingi ni mwili unalalamika kwamba chakula hakitoshi, na mifupa ndiyo itakayolipa. Muende hospitali, na mle. Kuleni wali, viazi, maharage, dagaa, bila kuogopa kunenepa.

Porini usiende peke yako. Simu iwe na chaji, filimbi mfukoni, koti jepesi la mvua, maana ukungu wa Usambara hauna taarifa. Nyumbani waage, waambie unapita wapi na unarudi saa ngapi. Hili nalirudia kila mara na bado kuna wanaotoka kimyakimya. Mama yako hastahili presha hiyo.

Mbio ya mlimani iweke wiki tano au sita kabla ya Moshi, isisogee karibu zaidi, kwa kuwa wiki mbili tatu za mwisho ni za kupunguza mazoezi na kulala vizuri. Na kama umeshalipia zote mbili zikiwa zimepishana wiki mbili tu, najua hela inauma. Hesabu imekwenda. Panda gari na wenzako hivyo hivyo, simama kwenye meza ya maji, wamiminie, wapigie makofi. Ya kukimbia mwenyewe itafute baada ya masika, Juni au Julai, matope yakishakauka.