Samaki Pundamilia na Fedha za Umma

Kwa nini samaki huyu?

Samaki pundamilia, ambaye asili yake ni mito na makonde ya mpunga ya Bara Hindi, hafai kwa kitoweo, maana urefu wake wapata sentimita 3 au 4 tu. Lakini afaa kwa utafiti: jike lake hutaga mamia ya mayai kwa mara moja, na kiinitete hukua nje ya tumbo la mama, mwili wake ukipenya nuru, hata mwenye kutazama kwa hadubini siku ya pili huuona moyo ukidunda na damu ikipita mishipani, pasipo kumpasua wala kumdhuru.

Zana za kumchunguzia ni zipi?

Tangu mwaka 1981, George Streisinger wa Chuo Kikuu cha Oregon, Marekani, alipotangaza njia ya kuzalisha samaki hawa wenye urithi ulio sawasawa, zana za kuchunguzia jeni zimezidi kuongezeka: koo zenye hitilafu maalumu, zilizopatikana kwa maelfu huko Tübingen na Boston na kutangazwa 1996, ramani ya jeni zote, iliyochapishwa 2013, ikadhihirisha kwamba takriban jeni 70 katika kila 100 za binadamu zina mwenziwe kwa samaki huyu, na ghala la Oregon, lisaidiwalo kwa fedha za umma na Taasisi za Taifa za Afya za Marekani, ambamo mbegu za kiume huhifadhiwa zimegandishwa, ili kila mtafiti aagize ukoo auhitajio.

Kwa nini alipe mlipa kodi?

Mfanyabiashara hutazamia faida iliyo karibu, na maabara moja haina wasaa wa kulisha koo elfu kwa ajili ya wengine, ilhali manufaa ya ukoo aghalabu hayajulikani mapema. Samaki wa milia iliyopauka, aliyekwisha kujulikana zama za Streisinger, alidumishwa miaka mingi; ndipo mwaka 2005 wataalamu wa Pennsylvania walipobaini jeni iliyoharibika kwake, wakatia katika yai ujumbe wa jeni ya binadamu iliyo mwenziwe, rangi ikarejea, na ikathibitika kuwa jeni hiyo ni miongoni mwa sababu za tofauti ya rangi ya ngozi baina ya Wazungu na Waafrika.

Basi raia aulizwaye kama fedha za umma zitumikazo kwa zana hizi zimepotea, na ahukumu kwa kipimo hiki: zana ikiwa wazi kwa kila mtafiti, fedha imefika mahali pake; ikifungiwa kabatini mwa mmoja, umma una haki ya kudai hesabu.